Mpenzi wa Jinsia Moja Akivaa Sare: Marufuku ya Majeshi na Jinsi Inavyoondoka

Marufuku ya wapenzi wa jinsia moja kutumikia jeshini huwekwa kwa njia mbili, na anayezichanganya hupotea mapema. Njia ya kwanza ni sheria ya jinai ya nchi nzima. Tendo likiwa kosa kwa mkulima na kwa mwalimu, ni kosa kwa askari pia, na jeshi halina haja ya kutunga amri yake. Njia ya pili ni amri ya jeshi lenyewe. Hapo raia wa kawaida haguswi, lakini akishavaa sare hufukuzwa kwa kugundulika tu kwamba anavutiwa na watu wa jinsia yake, hata pasipo tendo lililothibitishwa. Nchini Uingereza njia ya kwanza iliachwa mwaka 1967, kwa England na Wales, na ya pili ikaendelea hadi mwaka 2000. Tanzania, Kenya na Uganda zimo katika njia ya kwanza hadi leo. Habari nyingi za kuondolewa marufuku zinazosikika Afrika Mashariki kutoka London au Washington zinahusu njia ya pili, na ndiyo sababu haziwezi kubebwa zilivyo na kupachikwa hapa.

Kwa mkazi wa Arusha suala hili liko karibu kuliko anavyoweza kudhani. Monduli, magharibi ya jiji, kuna Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi kinachoandaa maofisa wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), na Oljoro kuna kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) inayopokea vijana. Katika jiji lenyewe, linalopitiwa na Mto Themi kutoka miteremko ya Mlima Meru, kuna mahakama mbili za kimataifa: Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu na Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Mahakama hizo, kwa maandishi ya mikataba iliyoziunda, zinaweza kuiita serikali ijieleze mbele ya majaji kuhusu jambo kama hili. Zinaweza kwa kiasi gani ni swali lenye jibu gumu.

Mizizi ya sheria zinazotumika ni ya kikoloni, upande wa uraia na upande wa jeshi. King's African Rifles, kikosi kilichoundwa mwaka 1902 na kuchukua askari kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, kiliongozwa na maofisa wa Kiingereza kwa sheria zilizofuata desturi ya jeshi la Uingereza. Sheria ya Jeshi ya Uingereza ya mwaka 1955, katika kifungu cha 66, ilimtia hatiani askari yeyote aliyetenda jambo la aibu la kikatili, lisilo la staha au lililo kinyume cha maumbile, na adhabu yake ilifika miaka 2 gerezani. Sheria hiyo ilikuwa kielelezo kwa majeshi mengi ya makoloni yaliyokaribia uhuru. Kwa upande wa raia, Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika ilitungwa chini ya Waingereza, na maneno yake kuhusu makosa yaliyo kinyume cha maumbile yalirithiwa na serikali ya uhuru bila mabadiliko ya maana.

Tanganyika ilikuwa na sababu ya kulijenga upya jeshi lake. Baada ya maasi ya Januari 1964 katika kambi ya Colito, jeshi lililorithiwa lilivunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaanzishwa JWTZ kwa vijana waliotoka hasa katika Umoja wa Vijana wa TANU. Sheria ya Ulinzi wa Taifa ikafuata mwaka 1966, pamoja na kanuni zake za nidhamu. Wakati huo washauri wa kijeshi kutoka Canada walikuwa nchini. Walikaa kuanzia 1965 hadi 1970. Mengi yalibadilishwa katika ujenzi huo: siasa ya jeshi, namna ya kuchagua askari, uhusiano wa jeshi na chama. Suala la mapenzi ya jinsia moja halikuguswa, kwa kuwa Kanuni ya Adhabu ilikuwa imeshalimaliza.

Leo Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ni kali kuliko ilivyoachwa na Waingereza. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilipandisha adhabu ya kifungu cha 154 kuwa kifungo cha maisha, na kwa vyovyote si chini ya miaka 30. Kifungu cha 157 kinaadhibu vitendo vingine visivyo vya staha kati ya wanaume kwa kifungo kinachofika miaka 5. Zanzibar ina sheria yake ya adhabu, nayo inawataja wanawake pia. Tangazo la nafasi za kujiunga na JWTZ halihitaji kusema neno kuhusu jambo hili. Linataka kijana mwenye afya na akili timamu, tabia na mwenendo mzuri, asiye na kumbukumbu ya makosa ya jinai. Kwa sheria ilivyo, masharti hayo yanatosha kumfungia mlango yeyote anayejulikana, na kumfanya aliyekwisha kuingia anyamaze kwa miaka yote ya utumishi wake.

Kuna madhara ya kifungu cha 154 ambayo hayazungumzwi vya kutosha, nayo yanamhusu hata askari asiye na uhusiano wowote na mapenzi ya jinsia moja. Kosa la kubaka, kwa mujibu wa kifungu cha 130, ni la mwanamume dhidi ya mwanamke au msichana. Mwanamume akiingiliwa kwa nguvu, shauri lake linaangukia kifungu cha 154, kifungu kilekile kinachowaadhibu watu wazima wawili walioridhiana, na ambacho kinamhesabu kuwa mkosaji pia mwanamume anayemruhusu mwenzake amwingilie. Kuruta aliyeshambuliwa usiku hangani na mtu aliyemzidi cheo anatakiwa apeleke malalamiko chini ya sheria ambayo mtuhumiwa anaweza kuigeuza kwa sentensi moja: alikubali. Wanaosema marufuku hii inawalinda vijana dhidi ya unyanyasaji kambini wana nia njema, na hofu yao ina msingi, kwa sababu ngazi ya amri jeshini inampa mkubwa uwezo mkubwa juu ya mdogo. Lakini sheria isiyotenganisha ridhaa na nguvu ndiyo inayomziba mdomo aliyeumizwa. Jeshi linalotaka kweli kukomesha unyanyasaji linahitaji sheria inayouliza kama kulikuwa na ridhaa na kama cheo kilitumika vibaya, bila kujali jinsia za waliohusika.

Majirani wanatofautiana. Kenya inashikilia vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni yake ya Adhabu, ambavyo Mahakama Kuu ya Nairobi ilivithibitisha tarehe 24 Mei 2019. Uganda ilipitisha sheria mpya mwaka 2023 yenye adhabu ya kifo kwa makosa yaliyotajwa kuwa mazito zaidi, na Mahakama ya Katiba ikaiacha sehemu kubwa ya sheria hiyo isimame tarehe 3 Aprili 2024. Burundi iliweka kosa hilo katika sheria yake ya adhabu ya mwaka 2009. Sudan Kusini na Somalia nazo zinaadhibu. Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa upande mwingine, hazina kifungu kinachokataza tendo hilo kati ya watu wazima. Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, basi, yenye makao makuu Arusha na mazoezi ya pamoja ya kijeshi, askari wa nchi moja anaweza kufungwa maisha kwa jambo ambalo kwa askari wa nchi jirani si kosa kisheria.

Afrika ina mfano wake wa kuondolewa marufuku, tena ni mfano wenye historia chungu. Jeshi la Afrika Kusini la enzi za ubaguzi wa rangi liliwaita vijana wa kizungu kwa lazima. Kwa askari wa kudumu mapenzi ya jinsia moja yalikatazwa. Kwa walioitwa kwa lazima yalitendewa kama ugonjwa. Katika hospitali ya kijeshi ya Voortrekkerhoogte, karibu na Pretoria, baadhi ya vijana walipelekwa wodi ya wagonjwa wa akili, wakaonyeshwa picha za wanaume na kupigwa shoti za umeme ili miili yao ijifunze kuchukia walichokitamani. Utafiti wa mwaka 1999 uliofahamika kama Mradi wa Aversion ulikusanya ushuhuda wa mambo hayo. Jina la daktari wa magonjwa ya akili Aubrey Levin lilitajwa mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano. Yeye alikuwa ameshahamia Canada, na huko mwaka 2013 alihukumiwa kifungo kwa kuwadhalilisha kingono wagonjwa wake wanaume. Aliyekuwa na mamlaka ya kuwatibu wengine uovu ndiye aliyekuja kukutwa na hatia.

Katiba ya mpito iliyoanza kutumika tarehe 27 Aprili 1994 ilikataza ubaguzi kwa msingi wa mwelekeo wa kimapenzi, ya kwanza duniani kufanya hivyo kwa maneno ya wazi. Waraka wa Sera ya Ulinzi wa mwaka 1996 ukalielekeza jeshi: askari asibaguliwe kwa sababu hiyo. Sera ya fursa sawa ya Wizara ya Ulinzi ikakamilisha mwaka 1998. Muktadha wake ni muhimu. Jeshi hilo lilikuwa linaunganisha askari wa makaburu, wapiganaji wa ukombozi wa Umkhonto we Sizwe, wa APLA na wa majeshi ya mabantustani, watu waliokuwa wakiwindana kwa bunduki miaka michache nyuma. Mbele ya kazi hiyo ya kuwaunganisha maadui, hoja kwamba askari mmoja hawezi kulala chumba kimoja na mwenzake kwa sababu ya mapenzi yake ilikosa uzito.

Uingereza ilifika huko kwa njia ya mahakama, na hukumu yake ndiyo inayofaa kusomwa kwa makini zaidi na mwanasheria yeyote wa Arusha, kwa sababu inaonyesha serikali ikitakiwa kutoa ushahidi na kushindwa. Mwaka 1994 Bunge la Uingereza lilifuta kosa la jinai kwa wanajeshi lakini likaacha mlango wa kuwafukuza. Jeanette Smith alikuwa muuguzi katika jeshi la anga tangu 1989 na alikuwa amependekezwa kupandishwa cheo. Juni 1994 mwanamke asiyejulikana alimwachia ujumbe kwenye simu kwamba amewaarifu wakubwa wake kuhusu mapenzi yake. Wapelelezi wa jeshi walimhoji, na miongoni mwa waliyomuuliza ni kama yeye na mwenzake walikuwa na uhusiano wa kingono na binti waliyekuwa wakimlea. Graeme Grady, sajini aliyefanya kazi Washington, naye alihojiwa na kuachishwa kazi ingawa taarifa zake za utendaji zilikuwa nzuri. Duncan Lustig-Prean na John Beckett wa jeshi la majini walipitia mkondo huohuo.

Mahakama za Uingereza ziliwakatalia mwaka 1995 kwa shingo upande. Majaji walionyesha wazi kwamba hoja za serikali hazikuwaridhisha, lakini walisema sheria ya wakati huo haikuwapa uwezo wa kuitengua sera ambayo waziri hakuwa amekosa akili kuikubali. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya mjini Strasbourg haikufungwa na kipimo hicho. Tarehe 27 Septemba 1999 iliamua kwamba upelelezi na kufukuzwa kulivunja haki ya faragha ya wote wanne. Serikali ilitegemea taarifa ya tume yake ya ndani ya mwaka 1996, na taarifa hiyo ndiyo iliyoiumiza. Ilikiri kwamba uwezo wa mwili, ushujaa, uaminifu na ujuzi wa wanajeshi hao haukuwa na dosari. Tatizo, ilisema, ni jinsi wenzao wangewapokea. Mahakama ikajibu kwamba chuki ya walio wengi haiwezi yenyewe kuwa sababu ya kutosha ya kumnyima mtu haki, kama ambavyo chuki ya rangi au ya asili haiwezi.

Tarehe 12 Januari 2000 Waziri wa Ulinzi Geoff Hoon alitangaza kuondolewa kwa marufuku. Mahali pake pakawekwa kanuni moja ya mwenendo kwa wote: je, tendo la mwanajeshi limeathiri au linaelekea kuathiri utendaji wa kikosi? Kipimo hicho kinamkamata ofisa anayemtongoza mwanamke aliye chini yake sawasawa na anayemtongoza mwanamume. Wizara ilipopitia mabadiliko hayo mwaka 2002 haikuona dalili ya kikosi chochote kudhoofika. Malipo ya waliofukuzwa yalichukua muda mrefu zaidi. Uchunguzi wa Lord Etherton ulitolewa Julai 2023, Waziri Mkuu akaomba radhi bungeni, na Desemba 2024 serikali ikatenga pauni milioni 75, kila aliyeathirika akiweza kupata hadi pauni 70,000. Wengi wao walikuwa wazee, na wengine walikuwa wamekwisha kufa.

Marekani ilichukua njia ya Bunge, baada ya kujaribu maelewano yasiyofanya kazi. Sheria ya mwaka 1993, iliyojulikana kwa kifupi kuwa usiulize, usiseme, ilimruhusu askari kubaki mradi anyamaze. Zaidi ya wanajeshi 13,000 walifukuzwa chini yake. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilikadiria mwaka 2005 kwamba kuwatafuta na kuwafunza warithi wao kuligharimu angalau dola milioni 190. Miongoni mwa waliofukuzwa walikuwamo wajuzi wa Kiarabu, katika miaka ambayo jeshi hilo lilikuwa likipigana Iraq. Wizara ya Ulinzi iliwauliza wanajeshi wake, na takriban 115,000 walijibu. Kati ya waliowahi kufanya kazi na mwenzao waliyeamini ni mpenzi wa jinsia moja, asilimia 92 walisema uwezo wa kikosi kufanya kazi pamoja ulikuwa mzuri au haukuathirika. Waliokuwa na hofu zaidi walikuwa askari wa vikosi vya mapigano, hasa Marine. Rais Obama alisaini sheria ya kufuta tarehe 22 Desemba 2010, nayo ikaanza kazi tarehe 20 Septemba 2011. Suala la waliobadili jinsia lilibaki tofauti, na limepinduliwa zaidi ya mara moja kwa amri za marais waliofuata.

Uholanzi ilikuwa imetangulia wote mwaka 1974. Canada na Australia zilifuata mwaka 1992. Canada, ile iliyokuwa imetuma washauri Tanzania, ilikuwa imewasaka watumishi wake wa jeshi na serikali kwa miongo kadhaa kwa madai kwamba wangetishwa na wapelelezi wa Umoja wa Kisovieti. Waziri Mkuu Justin Trudeau aliwaomba radhi bungeni tarehe 28 Novemba 2017.

Madai hayo ya vitisho yanastahili kupimwa, kwa sababu ndiyo yanayogusa usalama wa taifa moja kwa moja. Ofisa mwenye siri anaweza kutishwa: toa nyaraka, la sivyo tutakuumbua. Hilo ni kweli. Lakini kinachompa mtishaji nguvu ni adhabu inayomngoja ofisa siri ikifichuka. Adhabu ikiwa ni kufukuzwa kazi, tishio ni kubwa. Ikiwa ni miaka 30 gerezani, tishio ni kubwa mara nyingi zaidi. Ofisa ambaye wakuu wake wanajua maisha yake na hawamwadhibu hana cha kutishiwa. Kwa hiyo hoja ya usalama, ikifuatwa hadi mwisho, inadai marufuku ilegezwe, na ajabu ni kwamba kwa miaka mingi ilitumika kuikaza.

Hoja ya mshikamano wa kikosi ni nzito zaidi Afrika Mashariki kuliko Ulaya, na haifai kupuuzwa. Askari wa JWTZ hutoka katika familia za Kiislamu na za Kikristo ambamo mapenzi ya jinsia moja ni dhambi na aibu. Hula mesi moja, hulala hanga moja, hukesha lindo moja. Takwimu za Wamarekani haziwezi kuthibitisha jinsi watakavyopokea mabadiliko. Kilichothibitika katika majeshi yaliyopima ni jambo finyu zaidi: mshikamano wa vitani hutokana na kazi ya pamoja, uaminifu kwa mwenzako na uongozi unaosimamia nidhamu, na hautegemei askari wote kufanana maisha yao ya faragha. JWTZ yenyewe ni ushahidi mzuri wa hilo. Ilijengwa kwa makusudi kuvunja kabila na dini kama misingi ya vikosi, wakati ambapo wengi waliamini askari wa makabila tofauti hawawezi kuaminiana.

Mfano ulio karibu kabisa ni wa Kongo. Azimio 2098 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la Machi 2013, liliunda brigedi maalumu ndani ya MONUSCO, kikosi cha Umoja huo cha kulinda amani Kongo, yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Brigedi hiyo ililisaidia jeshi la Kongo kuwashinda waasi wa M23 karibu na Goma mwishoni mwa mwaka huo. Majeshi mawili kati ya hayo matatu yalitoka nchi ambazo tendo ni jinai, na la tatu lilikuwa limeacha kumbagua askari kwa sababu hiyo kwa miaka 17. Walipigana chini ya kamanda mmoja. Hilo halithibitishi kwamba JWTZ ingebadilika bila misukosuko. Linathibitisha kwamba askari wa Tanzania wanaweza kutekeleza kazi ngumu bega kwa bega na jeshi lisilo na marufuku.

Hoja ya maadili ndiyo yenye wafuasi wengi zaidi, nayo ina nanga katika Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Ibara ya 27 inataka haki za mtu zitumiwe kwa kuheshimu haki za wengine, usalama wa pamoja, maadili na maslahi ya wote, na ibara ya 29 inamtaka kila mtu asihatarishe usalama wa dola. Upande wa pili, ibara ya 2 inakataza ubaguzi wa aina yoyote na kumalizia orodha yake kwa maneno yanayojumuisha hali nyingineyo, na ibara ya 28 inampa kila mtu wajibu wa kuwaheshimu wenzake bila ubaguzi. Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 13, inataja rangi, dini, jinsia na hali ya maisha. Katika ibara ya 16 inalinda faragha. Na katika ibara ya 30 inaruhusu mipaka kwa ajili ya maslahi ya umma. Maandishi hayo yanaacha nafasi ya mabishano, lakini yanaweka mzigo mahali pake: anayeweka mpaka ndiye anayepaswa kuonyesha madhara yanayozuiwa. Kutaja maadili peke yake, bila kuonyesha nani anaumizwa na tendo la watu wazima walioridhiana nyumbani kwao, ni kukwepa swali.

Afrika imeshatoa hukumu moja inayogusa uhusiano huu wa jinai na jeshi. Tarehe 21 Juni 2024 Mahakama Kuu ya Namibia, katika shauri la Friedel Dausab, ilitangaza kuwa kosa la sodoma na makosa yaliyo kinyume cha maumbile kati ya wanaume yanakiuka katiba, na pamoja nayo ikaondoa kutajwa kwa kosa hilo katika kifungu cha 68 cha Sheria ya Ulinzi ya mwaka 2002. Serikali ilikata rufaa. Hata hivyo mpangilio wa hukumu unafundisha kitu: kifungu cha jeshi kilidondoka kwa sababu kosa la jinai lililokibeba lilidondoka. Botswana, ambako Mahakama ya Rufaa ilithibitisha kufutwa kwa kosa hilo tarehe 29 Novemba 2021, ilianzia palepale kwenye sheria ya adhabu.

Mahakama za Arusha zingefanya nini? Mahakama ya Afrika, katika maoni yake ya ushauri ya tarehe 4 Desemba 2020 yaliyoombwa na Umoja wa Wanasheria wa Afrika wenye makao Arusha, ilisema sheria za uzururaji zinazomwadhibu mtu kwa hali yake badala ya tendo lake hazipatani na Mkataba. Hoja hiyo inaweza kunyooshwa hadi kwa askari anayefukuzwa kwa anavyojulikana kuwa, bila tendo. Lakini Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kwenda moja kwa moja mahakamani hapo, na uondoaji huo ukaanza kazi tarehe 22 Novemba 2020. Tangu hapo, raia wa nchi inayoihifadhi mahakama hiyo hawezi kufungua shauri jipya ndani yake dhidi ya serikali yake.

Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki bado inapokea mkazi yeyote wa nchi mwanachama, ila ibara ya 30 ya Mkataba wa Jumuiya inampa miezi 2 tu tangu sheria itungwe au uamuzi utolewe. Kifungu cha enzi ya Waingereza hakifikiki tena kwa njia hiyo. Barua ya kumwachisha askari utumishi inafikika, ikiwahiwa. Mwaka 2014 asasi ya Uganda ya HRAPF ilipeleka shauri Arusha dhidi ya sheria ya Uganda ya mwaka ule iliyoadhibu mapenzi ya jinsia moja. Tarehe 27 Septemba 2016 majaji walilitupa kwa kuwa sheria yenyewe ilikuwa imeshafutwa na Mahakama ya Katiba ya Kampala, na wakakataa kutoa maoni juu ya jambo lililokwisha.

Kwa hiyo, nchini Tanzania, suala la nani avae sare haliamuliwi Monduli wala makao makuu ya JWTZ, na kwa sasa haliamuliwi Arusha. Liko mikononi mwa Mahakama Kuu na Bunge la Dodoma, katika kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu. Hatua ya kwanza inayoweza kuungwa mkono hata na wanaotofautiana juu ya mengine yote ni kukirekebisha kifungu hicho kitenganishe ridhaa na nguvu, ili askari aliyeshambuliwa aweze kushtaki bila kuogopa kushtakiwa.